Bei ya Julai hulipwa kwa miaka saba

SOKO la wachezaji wa mpira wa magongo wa barafu huko Amerika ya Kaskazini hufunguliwa kila mwaka Julai 1, saa 6 mchana kwa saa za New York, ambayo ni saa 1 usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Katika saa chache za mwanzo, vilabu 32 vya ligi ya NHL hutia saini mikataba ya mamia ya mamilioni ya dola. Siku hiyo hakuna mchezo unaochezwa. Kinachouzwa ni matumaini ya msimu unaofuata, na kama ilivyo kwa bidhaa yoyote inayouzwa kabla ya kuonekana, bei yake hupanda haraka kuliko ubora wake.

Kwa wengi wa Afrika Mashariki mchezo huu uko mbali. Nairobi ndiko kwenye mizizi kidogo, ambako timu ya Ice Lions imekuwa ikifanya mazoezi katika uwanja mdogo wa barafu wa Hoteli ya Panari, na Kenya ikapokewa katika shirikisho la dunia la mchezo huo, IIHF, mwaka 2024. Lakini mfanyabiashara wa Kariakoo au Gikomba hahitaji kujua kuteleza juu ya barafu ili alielewe soko la Julai. Mtaji una mpaka, bidhaa ni chache, wanunuzi wana haraka, na sheria hubadilishwa baada ya wajanja kupata mwanya.

Mashabiki wa mchezo huu hubishana kiangazi kizima juu ya mambo mawili: nani amenunua kwa hasara, na kanuni zipi zirekebishwe. Mabishano hayo hutenganishwa kana kwamba moja ni la fedha na jingine ni la uwanjani. Ukweli ni kwamba ni jambo moja. Kanuni ndizo zinazopanga bei, na klabu isiyosoma kanuni hununua hasara.

KIKOMO CHA MISHAHARA

Tangu 2005 kila klabu ya NHL ina kikomo cha jumla ya mishahara inayoruhusiwa kuwalipa wachezaji wake. Kikomo hicho kilipatikana kwa gharama kubwa: msimu mzima wa 2004-05 ulifutwa kwa sababu wamiliki na chama cha wachezaji hawakuelewana. Kikomo cha kwanza kilikuwa dola milioni 39. Msimu wa 2019-20 kilikuwa kimefika milioni 81.5, na baada ya janga la Korona kilibaki hapo hapo kwa misimu miwili zaidi kwa kuwa milango ya viwanja ilikuwa imefungwa na mapato yameanguka.

Mambo yakabadilika. Msimu wa 2024-25 kikomo kilikuwa milioni 88, msimu wa 2025-26 kikapanda hadi milioni 95.5, na tangazo la Januari 2025 liliweka milioni 104 kwa msimu wa 2026-27 na milioni 113.5 kwa ule wa 2027-28. Ni ongezeko la karibu asilimia 29 katika misimu mitatu. Wenye vilabu waliozoea kubana matumizi walijikuta ghafla na fedha mkononi, na mnunuzi mwenye fedha za ghafla ndiye kipenzi cha kila muuzaji.

Hapa pana dhana moja inayorudiwa na mashabiki wengi na ambayo inafaa kusahihishwa. Husemwa kwamba tiketi hupanda bei kwa sababu wachezaji wanalipwa mno. Mfumo haufanyi kazi hivyo. Kwa mkataba wa pamoja wa 2013, uliopatikana baada ya mgogoro mwingine uliopunguza msimu wa 2012-13 hadi michezo 48, wachezaji hupata asilimia 50 ya mapato yanayotokana na mchezo. Kabla ya hapo walikuwa wakipata asilimia 57. Mapato hupanda kwanza, kikomo hufuata. Bei ya tiketi hupangwa na idadi ya watu walio tayari kuilipa, si na mshahara wa mshambuliaji. Kwa hiyo klabu inapomlipa mchezaji kupita kiasi, shabiki hatozwi zaidi mlangoni. Hasara yake ni kwamba analipa bei ile ile kuitazama timu dhaifu, kwa kuwa fedha iliyopotea kwa mmoja haiwezi tena kumsajili mwingine.

KIBAYA CHAJITEMBEZA

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika ligi hii mchezaji huwa huru kabisa anapofikisha miaka 27, au akiisha kutumikia misimu saba. Ina maana kwamba klabu iliyomlea imemtumia katika miaka yake ya nguvu, imemwona mazoezini kila siku, inajua goti lipi linamsumbua, na bado imemwachia aende sokoni. Mara nyingine sababu ni kwamba fedha zimekwisha. Mara nyingi sababu ni kwamba wanaomjua zaidi hawako tayari kulipa bei anayoitaka.

Mfano unaokumbukwa na kila shabiki wa Toronto ni wa Julai 2013. David Clarkson, mwenye umri wa miaka 29, alisajiliwa na Maple Leafs kwa miaka saba na dola milioni 36.75. Sifa yake kubwa ilikuwa msimu mmoja, wa 2011-12, alipofunga mabao 30 akiwa na New Jersey. Msimu wake wa kwanza Toronto alifunga mabao 5.

Kilichofuata kinafaa kufundishwa katika shule za biashara. Februari 2015 Toronto ilimpeleka Clarkson Columbus na kumpokea Nathan Horton, mchezaji ambaye mgongo wake ulikuwa umeharibika kiasi kwamba hakutarajiwa kucheza tena. Columbus ilikuwa inamlipa Horton bila bima, ikaona ni nafuu kumlipa mtu anayeweza angalau kuvaa viatu. Toronto, klabu tajiri, haikujali fedha taslimu. Ilijali nafasi chini ya kikomo, na mshahara wa majeruhi wa muda mrefu ungeweza kuwekwa pembeni kwa kanuni za majeruhi.

Kisha Clarkson naye akaumia mgongo. Mwaka 2017, ligi ilipoikaribisha klabu mpya ya Vegas, Columbus ilitoa nafasi ya kuchagua chipukizi katika raundi ya kwanza na nyingine katika raundi ya pili, ikaongeza na mkataba wa Clarkson, ili Vegas iuchukue mzigo huo na imchague William Karlsson badala ya wachezaji ambao Columbus ilitaka kubaki nao. Karlsson akafunga mabao 43 msimu ule ule. Mwaka 2019 mkataba wa Clarkson ukarudi Toronto, kulekule ulikoandikwa, ukiwa ni karatasi ya mahesabu tu. Saini moja ya Julai 2013 ilizunguka vilabu vitatu kwa miaka sita, na kila ulipopita mtu alilipa au alilipwa ili kuubeba.

WANAUME WAWILI WASIOCHEZA

Julai 4, 2012, Minnesota Wild iliwasajili Zach Parise na Ryan Suter siku moja, kila mmoja kwa miaka 13 na dola milioni 98. Mji ulisherehekea. Miezi miwili baadaye wamiliki wa vilabu walifunga milango wakidai, pamoja na mengine, kwamba mikataba mirefu inawaumiza. Mikataba hiyo mirefu walikuwa wameitia saini wao wenyewe.

Katika misimu tisa ya Parise na Suter, Minnesota ilivuka raundi ya kwanza ya mtoano mara mbili tu, 2014 na 2015. Julai 2021 klabu iliamua kuvunja mikataba yote miwili kwa malipo. Kanuni ya kuvunja mkataba ni kwamba klabu hulipa theluthi mbili ya mshahara uliobaki, ikigawanywa kwa mara mbili ya miaka iliyobaki. Lakini kwa sababu mikataba hii ililipa fedha nyingi miaka ya mwanzo na kidogo miaka ya mwisho, faida ambayo klabu ilikuwa imeipata chini ya kikomo ilirudi kudaiwa.

Misimu ya 2023-24 na 2024-25 Minnesota ilikatwa takriban dola milioni 14.7 kila msimu kwa ajili ya watu wawili ambao hawakuwa na jezi yake. Kwa kikomo cha milioni 83.5 cha 2023-24, hiyo ni karibu asilimia 18. Ni sawa na mwenye duka aliyeruhusiwa mtaji wa shilingi 100 kwenda sokoni na shilingi 82 huku majirani zake wote wana 100. Msimu huo Minnesota ilikosa hatua ya mtoano. Makato madogo yanaendelea hadi msimu wa 2028-29, miaka 17 baada ya sherehe.

Haitoshi kusema kwamba viongozi wa Minnesota walikosea 2012. Wakati ule vilabu vingi vilifanya hivyo hivyo. New York Islanders ilimpa golikipa Rick DiPietro mkataba wa miaka 15 na dola milioni 67.5 mwaka 2006, ikauvunja 2013, na malipo yake ya dola milioni 1.5 kwa mwaka yalipangwa kuendelea hadi 2029. Kosa lililofanana kwa wote ni kuchukua nafuu ya leo na kuandika gharama yake katika ukurasa ambao kiongozi mwingine ndiye atakayeufungua. Biashara asubuhi, jioni mahesabu. Katika mikataba hii asubuhi na jioni havikuwa vya mtu mmoja.

DOLA NYINGI SI BEI KUBWA

Septemba 30, 2025, Minnesota hiyo hiyo ilimwongezea Kirill Kaprizov mkataba wa miaka minane na dola milioni 136, yaani milioni 17 kwa mwaka, mkubwa kuliko wowote katika historia ya ligi. Magazeti yalipiga kelele, na mashabiki wengi wakauliza kama Minnesota haijajifunza.

Kwa mwenye kuhesabu, jibu si rahisi hivyo. Kipimo cha haki si dola bali sehemu ya kikomo. Mkataba wa Kaprizov unaanza msimu wa 2026-27. Kwa kikomo cha milioni 104 kilichotangazwa, anachukua asilimia 16.3. Alexander Ovechkin, aliyesaini Januari 2008 kwa miaka 13 na dola milioni 124, alianza msimu wa 2008-09 akichukua milioni 9.54 za kikomo cha milioni 56.7, sawa na asilimia 16.8. Kwa hiyo mkataba uliovunja rekodi kwa dola ni mdogo kuliko ule wa Ovechkin kwa uzito. Yeyote aliyewahi kulinganisha bei ya kiwanja ya mwaka juzi na ya mwaka huu bila kuangalia thamani ya shilingi anaujua mtego huu.

Kinyume chake ni Connor McDavid, anayetajwa na wengi kuwa mchezaji bora wa kizazi chake. Oktoba 2025 alikubali kubaki Edmonton miaka miwili zaidi kwa mshahara ule ule wa milioni 12.5. Mwaka 2018 milioni 12.5 zilikuwa asilimia 15.7 ya kikomo. Msimu wa 2026-27 ni asilimia 12. Edmonton haikupewa punguzo la bure, kwa sababu mkataba ni mfupi na mchezaji anaweza kuondoka ukiisha. Amewapa wakubwa wake fedha za kununua msaada, na muda wa kuonyesha kama wanajua kununua.

Wanaosema kwamba kila mkataba utaonekana mdogo kikomo kikipanda wanasema nusu ya ukweli. Kikomo kilipokwama 2020, mikataba iliyoandikwa kwa kutegemea kupanda iligeuka mawe shingoni. Mwenye kununua kwa matarajio ya mfumuko wa bei anakopa kutoka kwa kesho, na kesho haijatia saini.

NAFUU ILIPATIKANA AGOSTI

Usajili uliosifiwa zaidi miaka ya karibuni haukufanyika Julai 1. Agosti 2024 St. Louis Blues ilitumia kanuni ambayo vilabu huiogopa kwa kuona haya: kumpelekea ofa mchezaji kijana ambaye bado yuko chini ya haki za klabu nyingine. Klabu hiyo hupewa siku saba kulingana na ofa au kumwachia na kupokea fidia ya nafasi za kuchagua chipukizi, kwa mujibu wa ukubwa wa mshahara.

Edmonton ilikuwa imetoka kununua kwa wingi Julai na haikuwa na nafasi. St. Louis ikamwandikia beki Philip Broberg dola 4,580,917 kwa mwaka na mshambuliaji Dylan Holloway dola 2,290,457, kila mmoja kwa miaka miwili. Tarakimu hizo hazikuokotwa. Kila moja ilikuwa juu kabisa ya daraja lake la fidia. Dola moja zaidi na bei ya fidia ingepanda. Edmonton iliwaachia wote wawili kwa nafasi moja ya raundi ya pili na moja ya raundi ya tatu. Holloway alifunga mabao 26 msimu uliofuata.

Walioilaumu St. Louis kwa kukosa adabu walisahau kwamba kanuni ipo na chama cha wachezaji kiliikubali. Kijana wa miaka 22 au 23 anakaribia kilele chake. Mwenye miaka 30 anakiacha. Klabu iliyomaliza fedha Julai iliuza kwa shida Agosti. Hicho ndicho kinachomtokea mfanyabiashara yeyote anayeweka mtaji wote katika bidhaa za siku ya kwanza.

Kanuni hiyo hiyo huwaadhibu wanaoitumia kwa hasira. Mwaka 2019 Montreal ilimpelekea ofa Sebastian Aho wa Carolina, na Carolina ikalingana nayo. Miaka miwili baadaye Carolina ilimpelekea Jesperi Kotkaniemi wa Montreal ofa ya dola milioni 6.1 kwa mwaka mmoja, ikiwa na bonasi ya kusaini ya dola 20, namba ya jezi ya Aho. Mashabiki walicheka sana. Montreal ikapokea nafasi za raundi ya kwanza na ya tatu, na Carolina ikaishia kumpa mchezaji huyo mkataba wa miaka minane na karibu dola milioni 38.6. Kulipiza kisasi kulinogesha kiangazi, lakini bili yake haikuisha na kiangazi hicho.

MWANYA NA ANAYEULIPIA

Kila kikomo huzaa wapenyezaji. Julai 2010 New Jersey Devils ilimwandikia Ilya Kovalchuk mkataba wa miaka 17 na dola milioni 102, ambao ungemfikisha umri wa miaka 44, huku miaka ya mwisho ikilipa dola 550,000 tu ili kushusha wastani. Ligi iliukataa, msuluhishi akaunga mkono ligi, klabu ikatozwa faini na kunyang'anywa nafasi za chipukizi, ingawa adhabu hiyo ilipunguzwa baadaye. Mkataba mpya wa miaka 15 na dola milioni 100 ukakubaliwa. Mwaka 2013 Kovalchuk akastaafu kutoka NHL na kurudi Urusi akiwa ameacha miaka 12. Ukomo wa miaka minane kwa klabu inayombakiza mchezaji wake, na saba kwa klabu mpya, uliingizwa mwaka huo huo.

Mwanya uliofuata ulikuwa wa majeruhi. Kikomo kilihesabiwa katika msimu wa kawaida tu, si katika mtoano. Msimu wa 2020-21 Nikita Kucherov wa Tampa Bay, mwenye mshahara wa milioni 9.5 chini ya kikomo, alikosa michezo yote 56 baada ya upasuaji wa nyonga. Akarudi siku ya kwanza ya mtoano, akaongoza wachezaji wote kwa pointi, na Tampa ikatwaa kombe. Katika sherehe alivaa fulana iliyojisifu kuwa timu ilizidi kikomo kwa dola milioni 18. Mwaka 2023 Mark Stone wa Vegas naye alirudi kutoka majeruhi mtoano ulipoanza, na Vegas ikawa bingwa.

Wapo mashabiki wanaotaka vikombe hivyo viitwe vya wizi. Si haki. Tampa na Vegas zilifuata kanuni zilizoandikwa, na majeraha yalikuwa ya kweli. Wa kulaumiwa ni walioona mlango uko wazi wakauacha kwa miaka. Makubaliano ya Julai 2025 hatimaye yameufunga: kuanzia mtoano wa msimu wa 2025-26, wachezaji 20 wanaoingia mchezoni lazima watoshee chini ya kikomo. Hilo ni jambo jema, na lilipaswa kufanyika zamani.

Makubaliano hayo pia yanafupisha mikataba kuanzia Septemba 16, 2026: miaka saba kwa klabu inayombakiza mchezaji, sita kwa klabu mpya. Mashabiki wamefurahi. Furaha hiyo iwe ya kiasi. Mchezaji aliyekuwa akipata milioni 56 kwa miaka minane hatakubali kupokea kidogo kwa sababu ya kalenda. Atataka milioni nane kwa mwaka badala ya saba. Jina la gharama limebadilika, na sehemu yake imehama kutoka miaka ya uzee kuja miaka ya leo. Hata hivyo ni afadhali, kwa kuwa anayenunua ndiye atakayekuwepo bili ikifika.

POINTI ISIYO NA JASHO

Kanuni inayostahili kubadilishwa kuliko zote haihusu fedha, lakini mwenye kujua masoko ataitambua mara moja. Timu inayoshinda hupata pointi 2. Inayofungwa ndani ya dakika 60 hupata sifuri. Inayofungwa katika muda wa nyongeza au mikwaju hupata pointi 1. Kwa hiyo mchezo mmoja una thamani ya pointi 2, na mwingine, uliofungana hadi dakika ya 60, una thamani ya 3. Pointi ya tatu haikutoka kwa mtu yeyote. Imechapishwa.

Matokeo yake ni yale yale ya noti zinazochapishwa bila bidhaa. Timu mbili zikiwa sare zimebaki dakika tano, kila moja inajua kwamba ikitulia itapata angalau pointi 1, na kwa pamoja zitagawana 3 badala ya 2. Hakuna kikao kinachohitajika ili wauzaji wawili waelewane. Shabiki aliyelipa tiketi anapata dakika tano za kisahani kupigwa kutoka ukuta hadi ukuta.

Na hesabu ya msimamo hupotoka. Minnesota ya 2023-24 ilimaliza na rekodi ya 39-34-9. Kwa haraka inasomeka kama timu iliyoshinda kuliko kushindwa. Ukijumlisha 34 na 9, ilishindwa mara 43 na kushinda mara 39.

Dawa ipo na imejaribiwa. Mashindano ya IIHF, na ligi ya wanawake ya PWHL iliyoanza Januari 2024, hutoa pointi 3 kwa ushindi wa dakika 60, pointi 2 kwa ushindi wa muda wa nyongeza, 1 kwa aliyeshindwa humo, na sifuri kwa aliyeshindwa mapema. Kila mchezo una thamani ya 3. Anayeshinda mapema analipwa zaidi, na timu iliyo sare dakika ya 55 ina sababu ya kushambulia.

Wanaotetea mfumo wa sasa husema msimamo uliobanana huwafanya mashabiki wa timu nyingi kununua tiketi hadi Aprili. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana wamiliki hawana haraka. Lakini mbanano wa namna hiyo ni wa kwenye karatasi. Timu iliyo nyuma kwa pointi sita hugundua kwamba walio mbele nao wanaokota pointi kila wanapofungwa, na pengo linalosomeka dogo halizibiki. Shabiki anayeuziwa matumaini ya namna hiyo kila msimu hatimaye hujifunza kutoyanunua.

KUOTEA NA KODI

Mambo mawili yanayopigiwa kelele hayastahili kelele zote hizo. La kwanza ni ukaguzi wa video wa kuotea, ulioanza msimu wa 2015-16 baada ya makosa ya wazi kama bao la Matt Duchene la Februari 2013. Adhabu ya dakika mbili kwa kocha anayepinga bila msingi, iliyowekwa 2017, ni gharama nzuri ya kesi. Imepunguza madai ya kubahatisha. Kinachokosekana ni ukomo wa muda. Kama waamuzi hawaoni kosa ndani ya dakika moja, kosa hilo halikuharibu mchezo.

La pili ni kodi. Klabu za Florida, Texas, Tennessee, Nevada na Washington ziko katika majimbo yasiyotoza kodi ya jimbo kwenye mishahara, na kati ya mabingwa sita wa 2020 hadi 2025, watano walitoka huko: Tampa mara mbili, Vegas, na Florida Panthers mara mbili. Hakuna klabu ya Kanada iliyotwaa kombe kati ya Montreal ya 1993 na fainali ya 2025. Wakanada wanataka kikomo kirekebishwe kwa kodi. Lakini Panthers hao hao, kwa kodi ile ile, walikosa mtoano misimu kumi mfululizo kuanzia 2001. Kodi nafuu humsaidia mwenye duka zuri, haijengi duka.

YA KUANGALIA

Wanaolifuatilia soko hili waangalie mambo matatu. Kwanza, bei ya kuingia: Vegas ililipa dola milioni 500 kwa klabu iliyoanza 2017, Seattle milioni 650 kwa ile ya 2021, na klabu iliyohamia Utah 2024 iligharimu dola bilioni 1.2. Wamiliki wanaolalamikia mishahara wanakalia mali iliyozidi mara mbili kwa miaka saba.

Pili, nani atabaki na nafasi chini ya kikomo ifikapo Agosti. Vilabu vinavyongoja kwa makusudi vitakuwa na chaguo la wachezaji vijana wa vilabu vilivyomaliza fedha.

Tatu, msimu wa michezo 84 unaoanza 2026. Itakuwa michezo 1,344 badala ya 1,312, na kama kawaida takriban mmoja kati ya mitano utakwenda muda wa nyongeza. Kila mmoja wa hiyo utachapisha pointi moja ambayo hakuna aliyeifanyia kazi, na shabiki ataendelea kulipia tiketi kamili.